Nani Anapokea Kava Hapa?

Dokta Gwen Pascoe alikipokea kifurushi kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa na kikombe cha kahawa.

"Loo, kizuri hiki!" alisema. "Ni nini, mizizi? Inanukia udongo. Asante, Vasiti, wala hukuwa na haja ya kujisumbua."

Akazunguka ofisini akitafuta pa kukiweka. Dirishani palikuwa na jagi la kioo lenye maua yaliyokwisha kukauka. Akayatupa maua, akaichomeka mizizi mle jagini, kisha akarudi nyuma kidogo kuitazama kama mtu aliyetundika picha ukutani. Halafu akaketi na kuanza habari za boti.

Vasiti, mwanafunzi wake mpya, alikuwa ukingoni mwa kiti, viganja vyake vimekunjwa kama bakuli, tayari kupiga yale makofi mazito ya kuitikia. Alisubiri maneno ya kupokea. Dokta Gwen akasema boti imetiwa injini mpya. Alisubiri. Dokta Gwen akasema bamvu linakaribia, maji yatakauka sana, matope ya mlango wa mto yatakuwa wazi mpaka kwenye mikoko, na hapo Vasiti ataanza kuokota kombe zake, zile za gamba anazozitafiti, na mwanafunzi mwenzake Callum atamsaidia kubeba. Alisubiri mpaka Dokta Gwen akamaliza, akaifungua kompyuta yake, akainua macho na kushangaa kumwona bado yuko pale.

"Kuna kingine?"

"Hapana," alisema Vasiti, akavifungua viganja vyake taratibu chini ya meza, visionekane.

Jioni alimpigia simu baba yake, kisiwani kwao Kadavu. Mizizi ile ilikuwa kava, ambayo kwao mgeni huwakabidhi wenyeji kabla ya kuingia. Mzee Eroni ndiye aliyeipanda, akaing'oa, akaikausha juu ya bati la jikoni, akaifunga kwa utepe na kumkabidhi bintiye siku ya safari. Alimwambia, "Usikanyage matope ya watu kabla hawajaipokea hii. Wakiipokea, fanya kazi yako kifua mbele. Wakiikataa, rudi nyumbani, hakuna aibu. Aibu ni kuingia kimya kimya kama mwizi wa kuku."

"Haya, wameipokea?" aliuliza sasa.

"Ameiweka kwenye jagi la maua, Baba."

Vasiti alisikia jogoo wa nyumbani kwao, yule asiyejua saa.

"Jagi lina maji?"

"Halina."

"Na alisema nini?"

"Alisema asante, na kwamba sikuwa na haja."

"Haja ya nini?"

"Sijui, Baba."

"Hmm." Mzee alifikiri. "Ngoja kwanza. Pengine kwao maneno huja baadaye."

Basi Vasiti akangoja.

Kungoja hakukuwa kazi ngumu pale katika mji wa Port Hadley, kwa sababu hata mambo mengine hakuyaelewa, na yote aliyaweka kwenye fungu moja la mambo ya kungojwa. Asubuhi watu wa chuo walimwuliza, "Vipi, hujambo?" na kabla hajafungua kinywa walikuwa wamefika mwisho wa ukumbi. Mara ya kwanza alianza kujibu kwa uaminifu, akaanza na goti la mama yake, akajikuta analieleza kwa ukuta. Katika chumba cha wanafunzi wa uzamivu hapakuwa na meza ya mtu. Kila mmoja aliketi alipopenda. Vasiti alichagua ile ya mlangoni, kwa kuwa mgeni hukaa mlangoni mpaka aitwe ndani. Hakuna aliyemwita ndani. Walimshukuru tu kila alipowafungulia mlango, mpaka akawa bawabu.

Alipopita mbele ya watu waliokaa, aliinama na kusema samahani kwa sauti ya chini, kama alivyolelewa. Mwanafunzi mmoja wa mambo ya mwani alimfuata jikoni, akamwuliza kwa huruma kama mgongo unamsumbua, akampa jina la daktari.

Na Dokta Gwen alikuwa amesema, "Niite Gwen tu, hapa hatuna makuu." Vasiti hakuweza. Kumwita mtu aliyemzidi umri na elimu jina lake tupu ilikuwa kama kumpiga kofi begani. Wala hakuweza kumwita Dokta, kwa kuwa alikwisha kukatazwa. Akaona njia ni kutomwita chochote. Alipomhitaji alisimama mahali anapoonekana, akakohoa.

Mtu pekee aliyemwelewa, au ambaye hakuelewa hata kidogo lakini kwa namna ya kupendeza, alikuwa Callum. Kijana huyu alizaliwa palepale Port Hadley, alikuwa akisomea kaa, na alivaa kaptula hata siku za baridi. Siku za mwanzo Vasiti alifungua chakula chake cha mchana, mihogo na samaki wa kopo aliyemchemsha kwa tui, akatazama migongo iliyoinamia kompyuta, akasema kama isemwavyo kwao, "Karibuni chakula!"

Kwao mtu hujibu asante, nimeshiba, akapita zake. Callum alivua vipokea sauti vya masikioni, akavuta kiti, akaja na uma wake.

"Umesema kweli? Nina njaa, nakufa." Akala nusu ya mihogo na samaki karibu wote. "Hii ni nini hii? Hii ni tamu! Kesho naleta mimi."

Kesho yake alileta mkate uliopakwa kitu cheusi chenye chumvi kali. Vasiti aliula wote, kwa adabu, machozi yakimlengalenga. Wakawa marafiki.

Siku moja kabla ya bamvu, Dokta Gwen alikuja mwenyewe kwenye meza ya mlangoni, ameshika mfuko wa karatasi.

"Vasiti, naona haya kidogo," alisema. "Nimekumbushwa kwamba msimamizi haruhusiwi kupokea zawadi ya mwanafunzi wake. Ni kanuni tu, usiwaze. Chukua mizizi yako, uitumie mwenyewe. Ingawa ilikaa vizuri pale dirishani!" Akaweka mfuko mezani, akamgusa bega. "Tuonane kesho kwenye boti. Usisahau kofia."

Akaondoka, viatu vyake vikilia kwi kwi kwi ukumbini.

Vasiti aliutazama ule mfuko. Kava ilikuwa imerudishwa. Maishani mwake hakuwahi kuona kava ikirudishwa. Alikuwa amesimuliwa tu, habari ya wanaume waliokwenda kijiji cha pili kuomba radhi kwa kosa kubwa. Kifurushi chao kikasukumwa kurudi juu ya mkeka, nao wakatoka kinyumenyume bila neno, na mpaka leo watu wa vijiji hivyo hawaoani. Ndivyo kava inavyorudishwa. Hairudishwi kwa tabasamu. Hairudishwi pamoja na habari za kofia. Umekataliwa, karibu kesho: hayo ni maneno ya namna gani?

Hakwenda. Asubuhi alikaa kitandani amevaa kabisa, mfuko magotini. Callum alipiga simu, upepo ukivuma nyuma yake. "Uko wapi, wewe? Maji ndiyo haya, yanarudi!"

"Naumwa," alisema, na kwa kuwa alikuwa hajazoea kudanganya, akakata simu kabla hajaulizwa anaumwa nini.

Jumatatu Dokta Gwen alimwita ofisini. Jagi lilikuwa tupu pale dirishani.

"Sitaki kukubana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kubana kweli. "Lakini nafasi hii ya uzamivu ni ya mtu wa kombe. Bila kombe hakuna utafiti, na mradi una muda wake. Bamvu lijalo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Usipopanda boti, itabidi kombe nimpe Callum, na wewe sijui nitakuweka wapi. Pengine itabidi urudi nyumbani. Unanielewa?"

Vasiti aliinua nyusi. Kwao hiyo ni ndiyo. Dokta Gwen aliendelea kumkodolea macho, akingoja jibu.

"Unaogopa maji?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekuudhi?"

Jibu lilikuwa limejipanga lote kichwani, neno kwa neno. Lakini kumwambia mtu mzima usoni pake, wewe ndiye uliyenifukuza, na kesho yake ukaniuliza mbona sikuja? Hakuna mahali pa kuanzia. Akasema hapana, akatoka, akiinama kidogo alipopita mbele yake.

Jumapili baada ya ibada, watu wa visiwani walikula pamoja nyuma ya kanisa. Vasiti alimweleza Inoke. Inoke alikuwa akimalizia uzamivu wake wa mambo ya zege, na siku nyingine alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kijiji chao na kijiji cha kina Vasiti ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuwahi kumsemesha vizuri hata siku moja, na hilo pekee lilimfanya ajisikie yuko nyumbani.

Inoke alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Jagi la maua! Jamani, njooni msikie! Hawa wala kombe ukiwafungulia mlango tu wanaleta aibu. Kava ya Kadavu kwenye jagi!"

"Cheka tu, mwizi wa nguruwe. Nimekataliwa mwenzio."

"Umekataliwa na nani? Kwani yule dokta wako ndiye mwenye ardhi? Yule ni mpangaji kama wewe, tofauti yenu ni yeye amekaa zaidi. Ukienda kupanga chumba mjini Suva unampelekea kava mpangaji mwenzio?"

"Sasa nimpelekee nani?"

"Si wanawataja wenyewe! Kila mkutano, kabla hata ya kufungua madirisha: tuko juu ya ardhi ya watu fulani, tunawaheshimu wazee wao. Hujasikia?"

Alikuwa amesikia. Alidhani ni sala.

"Na wewe ulipofika," aliuliza, "ulimpelekea nani?"

Inoke akaacha kucheka. Akaiokota sahani yake. "Mimi nafanya zege," alisema. "Zege halina matope ya mtu." Lakini hakumtazama. Baada ya kutafuna kidogo akaongeza, "Ukimpata mwenyewe, nitakuja niwe msemaji wako. Watu wa kwenu mkiachiwa mseme wenyewe mtatufukuzisha visiwa vizima."

Jumatano ulikuwapo mkutano wa idara. Dokta Gwen alisimama, akataja jina la watu wenye ardhi ile, akasema tunatoa heshima kwa wazee wao wa zamani na wa sasa, na alipogeuka kuwasha picha ukutani, aliona mkono umeinuka kule mlangoni. Vasiti mwenyewe aliuona mkono ule kama ni wa mtu mwingine.

"Samahani," alisema. "Hao wazee wa sasa. Wanakaa mtaa gani?"

Watu wakatazamana kama walioulizwa njia ya nyumba wanayoipita kila siku. Wekundu ulianza shingoni mwa Dokta Gwen, ukapanda mashavuni.

"Swali zuri," alisema. Vasiti alikwisha kujifunza kwamba pale chuoni maneno hayo maana yake hakuna jibu. "Ni jamii, unajua. Wako... wamo kila mahali."

Mhadhiri mmoja mzee akasema zamani palikuwa na mtu wa kuwasiliana nao, ila amestaafu. Mwingine akasema pengine waulize makumbusho.

"Makumbusho?" alisema Callum, mdomo umejaa biskuti. "Anti Merle ni wa watu hao, yuko hapo Mtaa wa Tern. Nyumba yenye mbwa. Anacheza bingo na bibi yangu."

Wote wakamgeukia.

"Nini? Hamkuniuliza."

Mkutano ulipokwisha, Dokta Gwen alimfuata Vasiti. "Unamtaka wa nini huyo mama?"

"Kumwomba ruhusa."

"Lakini kibali cha serikali tunacho."

"Hicho ni cha serikali."

Polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani, Dokta Gwen akauliza, "Ni habari ya ile mizizi?"

Vasiti aliinua nyusi, akakumbuka, akasema, "Ndiyo."

"Ile niliyokurudishia."

"Ndiyo."

Dokta Gwen akaketi juu ya meza, pale pale watu wanapoweka chakula. Vasiti akaangalia pembeni. "Mungu wangu, Vasiti. Nilikwambia nini pale nilipokurudishia?"

"Uliniambia nivae kofia."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa hawaelewi kitu kilekile. Halafu Dokta Gwen akashusha pumzi. "Nenda kamwone. Lakini Jumamosi siwezi kuihamisha. Boti nimeiazima, na maji hayaniulizi mimi. Usipopanda, neno langu liko palepale."

Ijumaa, Inoke alipiga simu. Alikuwa ameitwa kazini, mwenzake kaugua. "Jisemee mwenyewe, mla kombe," alisema. "Polepole. Na usilie, utailainisha mizizi."

Basi Vasiti akaenda na Callum tu, kava ameifunga upya kwa utepe wake. Njiani alirudia maneno kimoyomoyo. Hajawahi kuyasema. Msichana hayasemi, huwa nyuma ya wanaume, akisikiliza, na alikuwa msikilizaji mzuri kiasi kwamba aliyajua yote.

Anti Merle alikuwa mama mfupi, nywele za mvi zimekatwa chini, fulana yake ya timu ya raga. Alikuwa barazani mbele ya nyumba na mbwa wake, televisheni ikipiga kelele ndani.

"Callum! Mwambie bibi yako namwona anavyochungulia kadi yangu."

"Mwambie mwenyewe, Anti, mimi nakaa naye."

Vasiti aliinama, akaketi sakafuni, miguu ameikunjia upande.

"Inuka, mwanangu, hapo analala mbwa."

"Nitakaa hapa, Anti, tafadhali."

Akaiweka kava mbele yake. Alianza kwa Kifiji, kwa kuwa maneno yale hayakuwa na lugha nyingine kichwani mwake. Alipomaliza alirudia kwa lugha ya pale, kwa ufupi.

"Mimi ni Vasiti, binti Eroni, wa Kadavu. Nimeingia kwenu bila kubisha hodi, naomba radhi. Nataka kuokota kombe kwenye matope ya mlango wa mto, nizipime, nijue kwa nini zinapungua. Hii ni kava ya baba yangu. Mkiipokea, nitaanza. Mkiikataa, nitarudi."

Anti Merle aliingia ndani, akazima televisheni, akarudi.

"Inapikwa?"

"Inatwangwa, Anti. Inatiwa maji, inanywewa."

"Inalewesha?"

"Inatia ganzi ulimi."

"Nimpe Lorraine basi, dada yangu. Anaihitaji." Callum akacheka. Anti Merle hakucheka. Alikizunguka kifurushi kwa macho. "Sasa mimi hapa nafanyaje?"

"Unaigusa. Halafu unasema yale unayosema."

"Nasema nini?"

"Sijui. Kwetu mwenyeji ndiye anayejua."

"Mh. Mimi hakuna aliyewahi kuniletea mzizi. Wageni huniletea karatasi, wakishamaliza. Karatasi na keki." Akamkuna mbwa sikio. "Na nikisema hapana?"

"Narudi nyumbani."

"Nyumbani, kisiwani? Kwa ajili ya kombe?"

Vasiti aliinua nyusi. Anti Merle naye akainua zake.

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi tuna shida, binti. Kukataa sikatai. Lakini kukubali siwezi. Mlango wa mto ni wa upande wa mama, na upande huo mkubwa ni Lorraine. Lorraine yuko bara kwa mwanawe, na simu yake huishika akijisikia."

"Maji ni kesho asubuhi, Anti," alisema Callum.

"Maji yatarudi. Ndiyo kazi yake." Aliinama, akakichukua kifurushi kwa mikono yote miwili, akakipakata. "Naishika tu. Kushika si kukubali, tumeelewana? Naishika mpaka Lorraine apige."

Vasiti alirudi chumbani kwake akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Kava hupokewa au hukataliwa. Akampigia baba yake.

"Imeshikwa."

"Imefanywaje?"

"Imeshikwa, Baba. Haijapokewa. Haijakataliwa. Ameishika."

Mzee Eroni alifikiri, na yule jogoo akawika mara mbili.

"Ni nafuu kuliko jagi," alisema.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yameshaanza kutoka. Kwenye gati Dokta Gwen alikuwa amevaa buti ndefu, injini inaunguruma, Callum anapanga ndoo. Vasiti alisimama kando ya boti na kofia yake kichwani.

"Panda," alisema Dokta Gwen.

"Haijajibiwa bado."

"Vasiti, tazama maji."

"Nayaona."

"Nilikwambia. Nitalazimika kumpa Callum."

Vasiti aliona ndege inayomrudisha, aliona mama yake akijifanya hashangai, aliona watu wa kijiji wakimwuliza kwa upole habari za masomo. Akayaona matope pia, yakijitokeza meusi na yenye kung'aa ng'ambo ile, na mtu ambaye hajakaribishwa akiyakanyaga.

"Mpe, Gwen," alisema. "Mimi siwezi kuingia."

Jina lilikuwa limeshatoka. Wote watatu walilisikia.

"Mimi sizitaki kombe zake," alisema Callum kutoka kwenye ndoo zake. "Mimi ni mtu wa kaa."

Dokta Gwen alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Kisha akainama na kuizima injini. Ukasikika mlio wa matope, ule wa kububujika kidogo kidogo maji yanapoyaacha. Akaketi ukingoni mwa boti. "Nitangoja kwa kadiri maji yanavyoruhusu," alisema. "Sijui nangoja nini, lakini nitangoja."

Maji yalikuwa yameshaivua mikoko mizizi yake yote gari kuukuu lilipoingia gatini. Akashuka mbwa, akashuka mwingine, akashuka Anti Merle na kiti cha kukunja, kava kwapani.

"Lorraine kapiga," alisema. "Kanigombeza kwa kumwamsha, na yeye ndiye aliyepiga." Akafungua kiti, akaketi. "Kasema hivi. Ng'ambo ile ya kaskazini, hapana. Sababu ipo, na si yenu. Huku kusini sawa. Na zile kubwa ziacheni, ndizo zinazozaa."

"Lakini vituo vyetu vyote viko kaskazini!" Dokta Gwen alisimama, boti ikayumba. "Mpango mzima! Kusini hatuna hata kituo kimoja!"

"Mimi nimeleta jibu, bibie. Sikuleta ramani."

Dokta Gwen alitazama kaskazini, akatazama kusini, akashika kiuno. Mwishowe akamtazama Vasiti. "Nani atapanga yote haya upya?"

"Mimi."

"Leo hutaokota hata moja."

"Leo nitaangalia tu palivyo. Nitapanga, nitakuletea, na nitamletea Anti aone. Bamvu lijalo nitaokota."

Dokta Gwen akajifuta uso kwa kofia. Hakuonekana amefurahi. "Basi kombe ni zako," alisema, "na mimi nitakwenda kueleza chuoni kitu ambacho sijakielewa mwenyewe."

Anti Merle alikuwa amekwisha kuiweka kava magotini. Aliigusa kwa viganja vyote, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, si kwa lugha ya televisheni yake, wala hakumtazama Vasiti, alitazama mto. Vasiti hakuelewa hata neno moja. Alielewa kwamba ndiyo yale maneno. Akavikunja viganja vyake kama bakuli, akapiga makofi, mazito na ya polepole. Callum akamwiga, Dokta Gwen akafuatia nyuma, amekosa mapigo, na mbwa wakabweka wote kwa pamoja.

"Sasa hii," aliuliza Anti Merle, "naweza kuitia kwenye chai?"

Vasiti alikuwa ameshashuka upande wa kusini. Matope yalikuwa baridi, baridi kuliko ya kwao, na yalimmeza mpaka magotini na kumnyang'anya buti moja. Akainama, akatia mkono, akapapasa kama mama yake alivyomfundisha, akasikia mgongo mgumu wa kombe, wenye mifereji. Akaitoa, akaisuuza kidogo, akaipima kwa kiganja.

Ilikuwa kubwa. Akairudisha.